Safina ya Memsabu na Shingo la Mbuzi Jike

Juzi kijana mmoja wa hapa Shika Adabu aliniletea twiga aliyemchonga mwenyewe, akasimama mlangoni akingoja sifa. Nikampokea yule twiga, nikamgeuza huku na huku, nikamrudishia. Nikamwambia, mwanangu, magoti ya nyuma ya twiga wako yanakunjika kama ya mzee anayeketi kunywa chai. Umemwona wapi mnyama wa namna hii? Akasema amemtoa kwenye picha. Nikamwuliza kama picha yenyewe haikuwa na miguu. Akaondoka amenuna, na tangu siku hiyo akipita hapa hanisalimii.

Kununa kwake ndiko kulikonifanya nichukue kalamu. Nyinyi vijana mna ugonjwa mmoja: mnataka kusifiwa kabla hamjajifunza, na mkifunzwa mnasema mmetukanwa. Mimi nimechonga wanyama wa kuchezea watoto miaka arubaini na zaidi, na nimefokewa na mafundi ambao nyinyi msingewavumilia hata kutwa moja. Nimetoka humo na vidole tisa na nusu na ulimi mzima. Huo ulimi ndio nitakaoutumia hapa, na anayeona unamchoma asogee kando.

Nilianza Changamwe wakati wa vita vikubwa vya pili. Msiniulize mwaka, kwa sababu kule kiwandani tulihesabu siku kwa magogo. Meli zilizoingia Kilindini zilileta askari na makombora, hazikuleta vidoli, na watoto wa Kizungu na wa Kihindi walikuwa wakilia majumbani kwao hawana cha kuchezea. Ndipo Fundi Mbwana alipoona riziki yake.

Fundi Mbwana alikuwa mtu wa Jomvu, wa ukoo uliochonga milango tangu babu wa babu yake. Lakini milango ya nakshi ilikuwa haiagizwi tena, basi akafungua kibanda cha makuti karibu na reli akaanza kuchonga wanyama. Mlango aliujua. Angeweza kukuchongea mnyororo wa maua ukauzunguka mlango mzima usione pa kuanzia wala pa kumalizia. Lakini mnyama ni kitu kingine. Mlango hauna makalio. Simba wake wa kwanza alikuwa na manyoya yaliyosukwa maua na majani, na mtu akimtazama alianza kutafuta bawaba.

Alikuwa mtu wa kushika dini. Kabla hajagusa mnyama alikwenda kwao kumwuliza sheikh wake kama kuchonga viumbe kunafaa, akajibiwa kwamba vya kuchezea watoto havina neno. Basi kila tulipomaliza kimoja alisema kwa sauti, "Cha mtoto hicho!" ili malaika wa begani asije akakosea kuandika.

Fundi wa pili alikuwa Mutua, aliyetoka Ukambani, Mkristo kama mimi, mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Huyu alijua kuchonga tangu utotoni kwao. Yeye ndiye aliyetufunza kukausha miti. Fundi Mbwana alikuwa akichonga mti mbichi, kwa haraka ya kupata wateja, na wanyama wakipasuka alimlaumu shetani. Mutua akatuonyesha kuyapaka magogo kinyesi cha ng'ombe kwenye ncha zote mbili na kuyafukia ndani ya maranda kivulini, yakae mpaka ukiligonga gogo linajibu kwa sauti kavu. Nyinyi mnaweka gogo juani siku mbili mkasema limekauka. Limekauka ganda. Ndani bado linalia.

Na kule mkekani tulikuwa sisi wanawake watatu. Mimi jina langu Kadzo, binti wa Rabai, na kazi yetu ilikuwa kupiga msasa. Msasa wa dukani ulikuwa umepotea kwa ajili ya vita, basi tulitumia majani ya mti wa msasa wenyewe. Hapa ndipo mtakapocheka, mnaodhani msasa ulizaliwa ni karatasi. Jani bichi hutoa maji likachafua mti, na lililokauka sana huvunjika mkononi. Unalichuma leo, unalilaza chini ya mkeka, unalitumia kesho, na unafuata nyuzi za mti, kutoka sikioni kuelekea mkiani, si kurudi nyuma. Kwa kazi ile nilikohoa vumbi na vidole vyangu vikawa laini havina hata mistari. Lakini niliijua kila kasoro ya kila mnyama. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha.

Nilitaka kuchonga. Nilitaka sana, mpaka nilikuwa nikiota nimeshika tezo, lile shoka dogo la kuchongea. Na sikuwa na muda wa kungoja. Baba yangu kule Rabai alikuwa amenipatia mchumba, mgane mmoja mwenye minazi mingi na meno machache, na aliniruhusu kukaa Changamwe kwa kaka yangu wa reli mpaka Krismasi tu. Alisema ikiwa kufikia Krismasi nitakuwa nimepata kazi yenye jina, atamrudishia mgane pombe yake ya posa. Ikiwa bado ninafuta vumbi la wanaume, atakuja kunichukua. Nikamwambia kupiga msasa ni kazi. Akaniuliza, "Mtu afanyaye hivyo huitwa nani?"

Basi nilimwendea Fundi Mbwana.

"Fundi, nipe kisu nijaribu. Sikio moja tu, la sungura."

"Mwanangu," akasema, na alikuwa mpole kweli, "mwanamke akishika chuma cha fundi, mti hupasuka. Wataka sote tulale na ndaa?"

Miti yake ilikuwa ikipasuka kila wiki bila ya mwanamke kuigusa. Nilirudi mkekani, lakini sikusahau.

Ngoja kwanza niwaambie makosa yetu, msije mkadhani tulikuwa malaika. Wakati mmoja Fundi alipata gogo la mwarubaini, akafurahi kwa sababu hauliwi na wadudu. Tukachonga ndovu wazuri, tukawapeleka mjini kwa tajiri mmoja wa Kihindi. Mtoto wa tajiri akamtia ndovu mdomoni, kama afanyavyo kila mtoto mwenye akili timamu, na uchungu ukamfanya apige kelele zilizowatoa majirani nje. Baba yake alikuja hadi Changamwe akituita wauaji. Fundi akamtuliza kwa kumwambia mtoto wake hatapata homa mwaka mzima. Wakati mwingine tuliwapaka swala mafuta ya nazi wang'ae, tukawaacha ndani. Asubuhi tulikuta panya wamekula masikio yote. Tangu hapo nilijua sheria mbili: mti wowote uulambe kwanza mwenyewe, na paka nta, usipake mafuta ya mapishi. Leo nawaona nyinyi mnawapaka wanyama rangi ya viatu halafu mnawauzia akina mama wenye watoto wachanga. Laiti mngelazimishwa kuwalamba nyinyi kwanza.

Sasa nije kwenye safina.

Ilikuwa imebaki miezi miwili Krismasi ifike alipokuja Memsabu mmoja aliyefundisha watoto kanisani Jumapili. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya ukili, na Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, maana hakuwahi kukizungumza na mtu mwingine ila mpishi wake.

"Mimi taka Safina ya Nuhu," akasema. "Kubwa. Na nyama yote, mbili mbili. Moja bwana, moja bibi."

"Dume na jike," akasema Fundi. "Inshallah, Memsabu."

"Na mimi taka ona tofauti! Zamani fundi ingine fanya yote sawasawa. Hapana sawasawa! Toto lazima jua ipi bwana, ipi bibi."

"Itaonekana," akasema Fundi.

"Tofauti kabisa kabisa!"

"Kabisa, Memsabu. Ila Nabii Nuhu simchongi, wallahi, hata ukinipa meli nzima. Wanyama ni vitu vya watoto, havina neno. Nabii hachongwi."

Memsabu hakuelewa hilo la mwisho, akatikisa kichwa akaenda zake.

Mimi nilisikia kila neno, na nawaapia Fundi hakufanya mzaha hata chembe. Mtu wa milango ni mtu wa vipimo. Ukimwambia tofauti ionekane, ataipima ionekane. Naye Mutua, aliyekulia kwenye mifugo, hakuona ajabu. Wakachonga jozi kumi na saba. Wakaanza na mbuzi na kondoo, wakafuatisha fahali na ng'ombe, wakaja punda, na kadiri siku zilivyokwenda wakaanza kushindana, kama kawaida ya wanaume wawili wakiachwa na vyuma mikononi. Tofauti ikaonekana. Ilionekana kutoka barabarani. Sisi wa mkekani ndio tulioletewa tofauti hiyo tuilainishe, na tulikuwa tukitazama kando na kucheka mpaka vumbi likatupalia.

Memsabu alirudi siku ya Alhamisi adhuhuri. Fundi alikuwa amewapanga wanyama wote juu ya ubao, jozi kwa jozi, akasimama nyuma yao na kofia yake safi ya vito, ya kudariziwa kwa mkono. Memsabu akamwinua fahali. Akamgeuza. Akamweka chini taratibu. Akamwinua kondoo, akamweka. Uso wake ulianza kuwa mwekundu tangu shingoni, na alipofika kwa punda wekundu ulikuwa umepanda hadi kwenye ukili wa kofia.

"Hii nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Tofauti, Memsabu," akasema Fundi kwa adabu zote.

"Toa! Toa yote! Hii ya kanisa!"

"Na hao wa kanisani nao walizaliwaje?" akanong'ona Mutua nyuma yangu, nami nikajifanya nakohoa.

Akaamuru wasafishwe kufikia Jumamosi, la sivyo hataki safina wala mnyama hata mmoja. Akaondoka haraka bila kuaga.

Basi hapo ndipo mambo yalipogeuka. Fundi akamwambia Mutua achukue patasi aondoe. Mutua akaweka patasi chini.

"Mimi nina mtoto mmoja tu, Fundi. Kwetu anayehasi kitu alichokiumba mwenyewe, anajihasi naye. Ondoa wewe, wewe umeshazaa."

Fundi akamshika yule punda, akamtazama. Alikuwa na wake wawili, na wa pili alikuwa bado kijana. Akamrudisha punda ubaoni. Wanaume wawili wazima, mikono yenye sugu, walisimama mbele ya punda wa mti mwenye urefu wa shubiri moja na hakuna aliyethubutu kumgusa. Kisha nikaona macho yote yanageukia mkekani.

"Kadzo," Fundi akasema. "Wewe huna la kupungukiwa."

"Abee, Fundi. Lakini mti si utapasuka?"

Mutua akacheka mpaka akaketi. Fundi hakucheka. Alikiokota kisu kidogo chenye ncha, akakifuta kwa kanzu yake, akanipa huku akitazama kwengine.

"Kwa kazi hii tu," akasema. "Ukimaliza, warudisha."

Nikaanza pale pale. Kila nilipokata, Mutua alifumba macho na kusema, "Yesu wangu." Sitawadanganya, nilifurahi. Nilikuwa nimetukanwa miezi saba, na sasa niliwapunguza madume kumi na saba kwa idhini ya mwenye kiwanda. Kila mmoja nilimkata nikifuata nyuzi, polepole, na hakuna hata mti mmoja uliopasuka. Lakini nilipofika nusu, furaha ikaniishia. Niliwaweka fahali na ng'ombe pamoja nikaona ni kitu kimoja. Walikuwa tofauti kwa jambo moja tu, na mimi ndiye niliyeliondoa. Ikawa safina ya maksai. Nikajiuliza, gharika ikikauka, hawa watakwenda kuijazaje dunia?

Kazi haikuisha siku ile, na Ijumaa Fundi hufunga kiwanda kwa ajili ya sala. Akanipa gunia la wanyama niende nikamalizie kwa kaka yangu. Kisu nacho nikaenda nacho.

Ijumaa asubuhi niliketi uani, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Jirani alikuwa na mbuzi, na mmoja alikuwa na mwana wa siku chache. Kila mwana alipolia, mama aliacha majani akageuka. Nimechunga mbuzi Rabai tangu nikiwa na jino la maziwa, na jambo lile nililijua bila kujua kuwa nalijua. Nikachukua kipande cha mfenesi kilichokuwa kimetupwa kwa kuni, nikakaa nacho mpaka alasiri. Nikamchonga mbuzi jike anayetazama nyuma. Hakuwa na haja ya chochote kingine. Ukimwona tu unajua ni mama, na unajua kuna aliyemwita. Nilipommaliza nililia kidogo, na siwaambii kwa nini maana hata mimi sijui. Kisha nikamtia gunini, na yule mbuzi jike wa Fundi nikamtoa.

Jumamosi Memsabu akafika. Akawakagua wote chini, mmoja mmoja, akaridhika. Kisha akasimama.

"Sasa ipi bwana, ipi bibi?"

Fundi angesema nini? Ushahidi ulikuwa umeshapigwa msasa. Memsabu akawapitia tena kwa kidole, na kidole kikafika kwa mbuzi wangu. Akamwinua. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu.

"Hii mama," akasema. "Hii ita toto yake. Oh, hii nzuri sana! Nani fanya?"

Nilikuwa mkekani, hatua nne kutoka pale. Fundi alimtazama yule mbuzi muda mrefu. Alijua si wake, na alijua si wa Mutua. Jicho lake likaja upande wangu likarudi.

"Ni kazi ya kiwanda chetu, Memsabu," akasema.

"Bibi yote fanya kama hii! Yote! Kabla ya Krismasi!"

"Inshallah."

Nilitaka kusimama niseme, lakini msichana wa miaka kumi na tisa wa siku zile hakusimama mbele ya fundi na Mzungu kusema "ni mimi." Memsabu alipoondoka, Fundi akaja, akanyoosha mkono.

"Kisu," akasema.

Nikampa.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa tamu na chungu pamoja. Fundi Mbwana alijifungia kwenye kona yake kuchonga majike yanayotazama nyuma. Wa kwanza alikuwa swala, na shingo lake lilikuwa limezungushwa kama nguo inayokamuliwa. Mutua akamtazama akasema, "Huyu amegongwa na treni, Fundi, kamzike." Wa pili alikuwa ng'ombe asiyejua kichwa chake kimekwenda wapi. Wa tatu hakupata hata jina. Tuliwachoma wote jikoni, tukanywa chai iliyochemshwa kwa swala na ng'ombe.

Nami nilikuwa najua kosa lake liko wapi, na nyinyi mnaochonga, hapa fungueni masikio. Mnyama hageuzi shingo. Hugeuza mwili, shingo likafuata. Huanza kwenye mbavu, uzito ukahamia mguu wa mbele wa upande wa pili, bega likashuka, na kichwa kinakuja mwisho kabisa. Fundi alikuwa akianza na kichwa, kwa sababu mlango huanzwa juu. Nililijua hilo, nikaendelea kupiga msasa.

"Mwonyeshe," Mutua akaniambia siku moja Fundi alipokwenda kusali. "Au umchongee kwa siri. Achukue sifa yeye, wewe upate kisu."

"Nikimchongea kwa siri, baba akija atanikuta wapi?"

"Mkekani."

"Basi."

"Na usipomchongea, baba akija atakukuta wapi?"

Alikuwa amesema kweli, na nilimchukia siku nzima kwa ajili hiyo. Krismasi ilikuwa inakuja, mgane alikuwa anangoja, na mimi na Fundi tulikuwa tumenyamaziana kama fahali wawili wa zizi moja, ingawa mmoja wetu alikuwa mbuzi jike.

Asubuhi moja Fundi alifika, hakuenda kwenye kona yake. Alikuja mkekani akachutama mbele yangu, mzee mwenye mvi, magoti yakalia. Kiwanda kizima kikaacha kugonga.

"Mwanangu."

"Abee, Fundi."

"Shingo lile. Wewe walizungushaye?"

Nilikuwa nimeweka tayari maneno makali, nimeyanoa wiki mbili. Nilitaka kumwuliza kama mti hautapasuka. Nilitaka kumwuliza kiwanda chetu ni nani. Yote yakanipotea. Nilimwonea huruma, na nikajikasirikia kwa kumwonea huruma.

"Fundi, umewahi kumtazama mbuzi akiitwa na mwanawe?"

Akafikiri kwa haki. "Nimewala wengi," akasema. "Kutazama, la."

"Basi twende."

Tukaenda, mimi mbele yeye nyuma, mpaka uani kwa jirani wa kaka yangu. Fundi akaikunja kanzu yake akachutama penye mavi ya mbuzi. Mwana akalia, mama akageuka. Mara ya kwanza Fundi hakuona kitu. Mara ya pili nikamwambia atazame mbavu, asitazame kichwa. Mara ya tatu akanishika mkono bila kujijua.

"La haula! Yaanzia huku!" Akajipiga ubavuni. "Mato yangu yametazama milango miaka thalathini, Kadzo. Hayajapata kutazama kitu kinachogeuka."

Alikaa pale mpaka jua la mchana likatuchoma. Tuliporudi kiwandani hakusema lolote kuhusu chuma na wanawake. Alisogeza tezo upande wangu kwa mguu, kama mtu anayesogeza kitu kilichomzuia njia, akaanza kazi yake. Nikaiokota. Hakuna aliyesema neno, hata Mutua, na hilo peke yake lilikuwa muujiza.

Safina ilifika kanisani kwa wakati, msiwe na wasiwasi. Memsabu aliwapokea wanyama mmoja mmoja, kisha akauliza, "Nuhu wapi?" Fundi akagonga paa la safina kwa kidole akasema, "Yumo ndani, Memsabu. Mvua." Memsabu akaridhika. Na Krismasi ile watoto wa Kizungu walicheza na majike yenye roho na madume yasiyo na kitu, na kwa kweli ndivyo nilivyoiona dunia yenyewe mara nyingi tangu hapo.

Lakini kabla ya kukabidhi, zikiwa zimebaki siku nne, baba yangu alikuja. Sikumtazamia mapema hivyo. Nilikuwa nimeketi na Fundi Mbwana, na mkononi mwake kulikuwa na ng'ombe jike, aliyegeuka vizuri tangu mbavuni, bega limeshuka, ila shingo lilikuwa bado nene.

"Punguza chini ya taya, Fundi. Hapana, usikate, kwangua. Huyo ni ng'ombe, si kiboko."

"Hapa?"

"Hapo. Acha haraka."

"Hodi!" ikasikika mlangoni. Baba alisimama pale na kofia yake ya kanisani, na kamba mkononi ya kufungia mzigo wangu. Nilisimama nikampa shikamoo, akaniitikia, lakini alikuwa akimtazama mwenye kiwanda.

"Fundi, mimi ndiye babake huyu. Nimekuja kumchukua. Nimesikia hapa anafuta vumbi tu, na kwao kuna mtu anamngoja."

Fundi Mbwana hakuinua uso kutoka kwenye ng'ombe wake.

"Karibu, mzee wangu. Ngoja kidogo, tafadhali. Fundi hajamaliza kunifunza."

Baba akageuza kichwa, akakitazama kiwanda chote kutoka kona hadi kona, akimtafuta huyo fundi. Mutua akamwonyesha kwa kidevu.

Baba akanitazama mimi, akaitazama tezo iliyokuwa miguuni pangu, akanitazama tena. Kisha akaiweka kamba chini, akatafuta pa kukaa.